Chupa ya Tatu ya Wino

Kuna wanaume walioachana na wake zao kwa ulevi. Kuna walioachana kwa wivu, kwa mama mkwe, hata kwa samaki aliyeungua.

Mimi niliachana na wangu kwa kujaribu wino.

Haya, cheka. Cheka sasa hivi umalize, maana huko mbele hutapata nafasi.

Naitwa Chirau, mtu wa Msambweni, miaka themanini na sita. Naandika kisa hiki kwenye simu kwa kidole gumba, herufi moja moja, kwa hiyo mkiona makosa mnisamehe. Enzi zangu sikuwa mtu wa makosa. Nilikuwa karani.

Si karani wa ofisi. Karani wa barazani.

Miaka ile ya uhuru nilikuwa na meza yangu na kiti changu nje ya duka la Mhindi mmoja. Asiyejua kuandika alikuja kwangu. Barua ya kuomba upishi kwa Mzungu wa Diani, kwangu. Barua ya kumsaka mume aliyepotelea Mombasa, kwangu. Malalamiko ya mpaka wa shamba yanayopelekwa Kwale, kwangu pia.

Na talaka. Talaka nilikuwa naziandika mbili tatu kwa wiki, mkono ukienda wenyewe huku kichwa kikiwaza chakula cha mchana.

Mtu akimaliza kueleza shida yake, nilimshika kidole gumba, nikakichovya wino, nikakigandamiza kwenye karatasi.

"Haya, Profesa, sahihi yako hiyo," nasema, na baraza zima linaangua kicheko.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, Suleiman, fundi viatu, aliyekaa chini hatua mbili kutoka mezani kwangu. Naye alikuwa wa kidole gumba.

Nilikuwa na msemo wangu, tena niliupenda kama mtu anavyopenda kofia yake ya Idi. Siku moja alikuja mzee na kikaratasi cha shamba alichoandikiana na nduguye.

"Muhuri uko wapi?" nikamuuliza.

"Hauna, mwanangu. Lakini tuliandikiana kwa nia safi."

"Nia safi haigongwi muhuri. Karatasi bila muhuri, mzee wangu, ni ya kufungia karanga."

Nikamrudishia kikaratasi chake. Baraza likacheka. Mzee akakikunja vizuri, akakitia kwenye kikoi, akaenda zake.

Ukumbuke msemo huo. Utarudi kunitafuta.

Sasa nikwambie habari ya wino, maana vijana wa leo mnajua kalamu za kutupa tu.

Kalamu yangu ilikuwa ya wino, ya kujaza. Ndani ina mpira. Unaufinya, unatumbukiza ncha kwenye chupa, unauachia, mpira unavuta. Na wino haufanani. Kuna wino mwepesi kama chai ya msiba, unapotea karatasini hata hujamaliza sentensi. Kuna mzito, unakaba ncha. Kuna wa kuvuja, ukiandika upande huu unasomeka upande wa pili.

Kwa hiyo karani akipata chupa mpya, haendi nayo kwa wateja hivi hivi. Anaijaribu kwanza.

Mimi niliijaribia nyumbani, saa za alasiri, kweupe. Naosha ncha kwa maji ya uvuguvugu, naifuta kwa kitambaa, najaza, naweka karatasi safi. Mstari wa kwanza naandika pole pole. Wa pili mbio. Halafu tarehe, halafu sahihi. Nikimaliza nalowesha kidole, nasugua ukingoni kuona kama unafutika.

Na kila karani ana maneno yake ya kujaribia. Aliyenifundisha kazi alikuwa akiandika Bismillahi. Mwingine aliandika jina la mama yake.

Mimi niliandika talaka ya mke wangu.

Ilianza mwaka mmoja kabla ya bendera yetu kupandishwa. Nilikuwa nimeoa, ndoa haijatimiza miezi miwili. Mke wangu anaitwa Mwanarusi, mtu wa Jego, kule karibu na Vanga. Mtoto wa watu, mpole, mikono yake inajua kila kazi isipokuwa kuandika.

Nikarudi na chupa mpya. Nikakaa uani, nikajaza kalamu. Nilikuwa nimeshinda naandika talaka mchana ule, na mkono ukakimbilia palipozoeleka.

"Mimi Chirau bin Mwinga nimemwacha mke wangu Mwanarusi talaka moja. Sababu..."

Nikasita kwenye sababu. Nikaona sufuria jikoni. Nikaandika: chumvi nyingi.

Wallahi sikuwa na neno naye. Lakini nilipoisoma kimoyomoyo ikanichekesha, nikaona nisicheke peke yangu.

"Mwanarusi! Hebu njoo usomewe barua yako."

Akaja anafuta mikono, anatabasamu. Alidhani ni barua ya kwao.

Nikasoma kwa sauti ya kikarani, nikamaliza kwa kumkazia macho. "Basi ndiyo hivyo. Nimekuacha, Mwanarusi."

Aliyumba. Akashika mlango. Midomo ikawa inatafuta neno, neno halipo.

Ndipo nikapasuka kicheko. Nilicheka mpaka machozi.

"Mshamba wewe! Najaribu wino tu! Haya, nimekurejea, mke wangu, nimekurejea. Kaniletee maji ya kunywa."

Nikamrushia karatasi. "Kawashie moto."

Akaiokota akaenda nayo jikoni.

Sasa niseme la kweli, maana nimebakisha siku chache za kusema uongo. Sikucheka kwa sababu ya wino. Nilicheka kwa sababu ya ile sura yake mlangoni. Mtu mzima mwenzangu, nimeandika mistari miwili, na miguu imemwishia! Nilijiona mkubwa kuliko mkoloni na kofia yake. Ile sura niliipenda.

Usiku ule nilikula wali wa nazi usio na chumvi hata punje. Nikacheka tena.

Chupa ile ilinichukua mwaka na zaidi.

Bendera ikapandishwa. Watu wakaimba, wakachinja. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, Mwanarusi akajifungua mtoto wa kike.

Tulimpa jina Esha. Mimi, karani wa barazani, nilienda kununua kikuku cha fedha, kidogo hata kidole changu hakipiti, nikachukua sindano nikachora ndani yake herufi ya E. Ilinichukua asubuhi nzima. Sijawahi kuandika herufi nzuri kama ile.

Esha alikaa siku tisa.

Homa ilimpata usiku wa nane. Mama yake alimkanda, akamfunika, akambeba kwa miguu mpaka hospitali, akarudi naye amemfunga kifuani kama alivyokwenda, ila mwenye kurudi alikuwa mmoja. Tukamzika kabla ya adhuhuri.

Siku kumi na mbili baadaye wino wangu ukaisha, nikanunua chupa ya pili.

Unaona ninakokupeleka. Hata mimi natamani nisifike.

Mwanarusi alikuwa hasemi. Anapika, anafagia, anakaa na kile kikuku mkononi. Nyumba ilikuwa nzito. Nikajiambia, ngoja nimchangamshe. Naapa nilijiambia hivyo. Kumbe mimi nilichotaka ni ile sura, maana sura aliyokuwa nayo siku zile haikunihusu. Ilikuwa ya Esha.

Nikajaza kalamu. Nikaandika. Nikamwita.

"Mimi Chirau bin Mwinga nimemwacha mke wangu Mwanarusi talaka moja. Sababu: hakujua kulea."

Hakuyumba. Hakushika mlango. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama mahali pa kuvukia mto.

"Nimekuacha, Mwanarusi!" nikarudia, labda hakusikia.

Akaendelea kunitazama.

"Ah, na wewe, hata mzaha huujui tena? Basi nimekurejea. Nimekurejea, nipikie uji."

Akainama, akaokota karatasi, akaenda jikoni. Uji ukaja. Ulikuwa na sukari ya kutosha, hauna kasoro.

Wiki ile ile aliniaga kwenda Kwale kumwona jamaa. Aliporudi, tulipokuwa tunakula, akaniambia bila kuinua macho.

"Bwana, nakuomba. Ule mchezo wa wino uache. Si mzuri."

"Mchezo gani?"

"Wa kunisomea talaka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha."

Mimi, msomi wa barazani, nikajifuta midomo. "Mwanarusi, wewe hujui kusoma, nitakuelewesha vipi? Talaka ina shahidi, ina kadhi, ina muhuri. Karatasi bila muhuri..."

"Ni ya kufungia karanga," akamalizia yeye.

"Ehee! Kumbe unasikia!"

Hakuligusa tena jambo lile. Nikajua nimeshinda.

Ikapita miezi minane. Nikwambie, sijawahi kuishi vizuri kama miezi ile. Kanzu zangu zilikuwa nyeupe kuliko za imamu. Chakula saa yake, maji ya kuoga saa yake, sauti yake chini. Nikawaambia watu barazani, "Mke lazima umfunze. Mwoneni wangu."

Ila biashara ilikuwa imelegea, na wino nikawa nautumia kwa kubana. Chupa ya pili ilifika Desemba ikiwa bado na robo.

Wiki ile ya Jamhuri, nimetoka kuswali adhuhuri, nikakuta kitu mezani kwangu. Kimefungwa kwa karatasi ya duka na uzi mweupe. Nikafungua.

Chupa ya wino. Tena si ule wa kawaida. Ule wa gharama, bluu-nyeusi, uliokaa kwenye kabati la kioo la Mhindi, niliokuwa nautazama kila siku nikimeza mate.

"Nani ameleta?" nikamuuliza Suleiman.

"Sikumwona sura, karani. Nilikuwa nimeinamia kazi. Amesema, mpe karani, zawadi ya Jamhuri."

"Viatu je? Wewe watu unawajua kwa viatu."

"Hakuwa na viatu."

Nikacheka. Basi ni mteja wangu mmoja, mtu wa kidole gumba, amekumbuka wema wangu. Nikajiona mtu. Niliifunga meza mapema, nikaenda nyumbani na chupa yangu nimeikumbatia.

Mwanarusi alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwonyesha.

"Umependwa," akasema.

Nikaosha ncha. Nikafuta. Nikajaza. Jamani, ule ulikuwa wino! Ulivyoshuka kwenye karatasi, buluu ya bahari ya saa nne, haukwami wala hautawanyiki. Niliandika jina langu. Nikaandika Kwale, Msambweni, Diani. Niliandika "Jamhuri ya Kenya" kwa herufi za madoido. Wino ulikuwa mzuri hata sikuukumbuka mchezo wangu.

Mwanarusi akaweka ungo chini.

"Leo huniachi?" akauliza.

Akatabasamu. Tangu Esha afariki nilikuwa sijamwona akitabasamu.

Moyo wangu ukafurahi, ndugu zangu. Nikasema, hatimaye! Ameuelewa mchezo! Mke wangu sasa anajua kucheka!

"Ala! Wataka kuachwa?" nikamtania.

"Wino wote huo mzuri, na mimi nisipate barua yangu?"

Nikavuta karatasi safi. "Mimi Chirau bin Mwinga nimemwacha mke wangu Mwanarusi talaka moja. Sababu..."

Nikakwama. Nilifikiri, nikatazama jikoni, nikatazama kanzu yangu, nikamtazama yeye. Sikuona hata dosari moja ya kuandika.

"Sina sababu," nikamwambia.

"Andika hivyo hivyo, bwana. Karani haachi nafasi tupu."

Nikaandika: Sababu: hakuna. Nikatia tarehe. Nikatia sahihi, ndefu, yenye mkia.

Nikasimama kabisa siku ile, kwa raha. Nikasoma kama nasoma mbele ya gavana. "Nimekuacha, Mwanarusi!"

"Nimesikia," akasema.

"Haya, nimekure..."

Hakuningoja. Alishachukua karatasi mkononi mwangu, akaipuliza ikauke, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa buibui, na kifurushi kidogo kwapani.

"Unakwenda wapi?"

"Jego. Kwa mjomba."

"Leo leo? Na chakula?"

"Kimefunikwa," akasema, akaenda.

Nikala. Kilikuwa kitamu. Nikadhani amepata habari ya msiba.

Siku ya nne akaja mjomba wake, Mzee Chome. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, baba hupita. Hakukaa, hakunywa maji.

"Karani, unaitwa Kwale kwa kadhi. Jumatatu."

"Kuna nini, mjomba?"

"Wewe ndiye msomi," akasema, akageuka.

Nikaenda. Wallahi nilikwenda natembea kwa madaha, kalamu mfukoni mwa kanzu ionekane. Nilijua ni nini. Amepeleka vikaratasi! Mshamba wa watu, amepeleka vikaratasi vya kujaribia wino kwa kadhi! Nitamwombea radhi kwa sheikh, tucheke, turudi nyumbani.

Kadhi alikuwa mtu mzima, sauti yake ndogo. Mwanarusi amekaa nyuma ya mjomba wake, kichwa ameinamisha. Kadhi akatandaza karatasi tatu mezani.

Moja ilikuwa imefifia, ule wino wa kwanza, mwepesi. Ya pili ilikuwa na madoa ya maji, nikajua ni maji gani. Ya tatu nikaitazama mara mbili. Niliiandika buluu, naikumbuka. Sasa ilikuwa nyeusi tititi. Wino ule ndivyo ulivyo, ukishalala unaiva.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, Sheikh." Hata pale nilijivuna.

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Ulimsomea mwenyewe kwa mdomo wako?"

"Nilimsomea, lakini ilikuwa masihara. Nilikuwa najaribu wino."

Tarishi wa ofisi aliyekuwa mlangoni alikohoa akaziba mdomo. Kadhi hakucheka.

"Ulikuwa umelewa?"

"Astaghfirullah! Situmii."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna. Ni mzaha, Sheikh! Kisha kila mara nilimwambia nimekurejea. Na tena," nikainua kidole, "hakuna hata moja yenye muhuri."

Kadhi akavua miwani.

"Karani. Mwanamume akiwa na akili zake akamwambia mkewe nimekuacha, mdomo wake ndio muhuri. Hukufundishwa kwenye chuo cha Kurani? Mambo matatu, ukweli wake ni kweli na mzaha wake ni kweli. Nikahi, talaka na rejea. Mara ya kwanza ulimwacha, ukamrejea. Sawa, ni mkeo. Mara ya pili ulimwacha, ukamrejea. Sawa, ni mkeo. Ya tatu haina rejea."

Nikafungua kinywa. Midomo yangu ikatafuta neno, neno halipo. Nikashika ukingo wa meza.

Na Mwanarusi akainua kichwa akanitazama. Alinitazama vizuri, taratibu, mpaka akatosheka. Ile sura niliyokuwa naipenda, safari hii ilikuwa yangu, na mtazamaji alikuwa yeye.

"Bibi huyu alikuja kuniuliza mwezi wa nne," kadhi akaendelea. "Nilimwambia mbili zimepita, imebaki moja, akuonye. Alikuonya?"

"Alinionya," nikasema.

"Ukamjibu nini?"

Mzee Chome ndiye aliyejibu. "Alimwambia ni karatasi za kufungia karanga."

Kadhi akazisoma zile sababu kwa sauti. Chumvi nyingi. Hakujua kulea. Hapo aliinua macho akamtazama Mwanarusi. Kisha akasoma ya tatu.

"Sababu: hakuna."

Akazikunja. Halafu akachukua muhuri, akagonga mara moja kwenye daftari lake. Nimegongewa mihuri mingi maishani. Ule nausikia mpaka leo.

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Eda yake ilipokwisha nilimwendea Suleiman, nikamnong'oneza: sheria hainirudishii mpaka aolewe na mume mwingine, basi muoe wewe, siku mbili tatu, kisha umwache, nimrudie.

Suleiman alitoa msumari mdomoni. "Mimi ni fundi viatu, karani. Si kiatu." Akaendelea kugonga soli.

Baraza lilikuwa limejaa. Siku ile walicheka kweli kweli.

Ile chupa ya bluu-nyeusi sikuigusa tena. Nikanunua penseli. Lakini barua za serikali hazitaki penseli, kwa hiyo ikabidi niingie dukani kutafuta wino mwingine, wowote, hata ule wa chai ya msiba.

Mhindi akafungua kabati la kioo. Na pale, mahali palipokuwa pakikaa ile chupa ya gharama, palikuwa na vitu vidogo vidogo vya watu. Kipini, pete mbili. Na kikuku cha fedha ambacho hata kidole changu hakipiti.

Nikakigeuza. Ndani, kwa sindano, herufi E.

"Nani alikuletea hiki?" Sauti yangu sikuijua.

"Si mke yako?" Mhindi akashangaa. "Ile wiki ya Jamhuri. Mimi nasema, mama, hii kitu ya mtoto, chukua kitambaa, chukua sukari. Yeye hapana taka. Yeye taka wino ya karani, ile nzuri kabisa. Nasema bwana yako iko bahati!"

Nilikaa kwenye gunia la chumvi.

Kumbe hakukuwa na mteja mwenye kukumbuka wema. Miezi minane alinisubiri nimalize chupa ya pili, na mimi nabana. Ndipo akaja mwenyewe, miguu mitupu ili fundi viatu asimtambue, akaniwekea mezani.

Nilikikomboa kikuku, nikaenda nacho Jego.

Nilimkuta uani kwa mjomba wake anakuna nazi. Nilipopiga hodi, hakusimama.

"Karibu, hapo hapo ulipo," akasema.

"Mwanarusi, nimekuletea hiki. Ni cha Esha."

"Nakijua."

"Ulikiuza kwa wino? Cha mtoto wetu?"

Mbuzi ya kukunia ikaendelea kukwaruza nazi. Hakuwa na haraka.

"Ile barua ya pili," akasema, "uliandika sikujua kulea. Nilikaa nayo miezi. Nikajiuliza, mtoto wa siku tisa, kuna nini ambacho sikumfanyia? Sikuona. Basi nikasema, kama mimi sikuweza kumwokoa yeye, labda yeye ataniokoa mimi."

Akapangusa mkono kwenye kanga.

"Mwanangu ndiye aliyenitoa kwako, karani. Kikuku kimeshafanya kazi yake. Nenda nacho."

Nilisimama pale mpaka nazi ikaisha. Akainuka, akachukua mbuzi yake na sahani yake, akaingia ndani.

Sikumwona tena. Niliambiwa aliolewa na mtu wa Vanga, asiyejua kusoma wala kuandika, na walizeeka pamoja. Alifariki miaka sita iliyopita. Sikwenda kuzika. Ningesimama kama nani?

Chupa ninayo hadi leo, wino umekauka ukawa ganda jeusi chini. Kikuku nimekivisha shingoni mwa chupa hiyo. Kinaingia sawasawa.

Wewe kijana unayemtishia mkeo kila mkigombana, unamwambia nitakuacha, kisha unacheka ukiona anatetemeka, unadhani yule anayetetemeka hana akili. Anazo. Anahesabu. Na siku atakayotabasamu akuulize leo huniachi, kimbia ukaoshe mdomo.

Mimi nilichelewa. Nimeoa mara mbili tangu siku ile, nimezaa, nimezika, na kila ninapoulizwa mke wangu wa kwanza nilimwachia nini, nina jibu moja tu, nililiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, tena kwa wino usiofutika.

Hakuna.